Kibaba Kilichodaiwa Gunia

Mtu akuwekee amana kibaba cha mchele, kesho adai gunia, nawe umpe bila kupima. Utakuwa umemgawia mali ya wenzake waliokuamini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa OpenSSL, programu inayolinda siri za kompyuta zinapozungumza katika intaneti. Kompyuta moja hutuma neno fupi na kutaja urefu wake, ili kujua kama mwenzake yupo. Ya pili hulirudisha. Toleo la Machi 2012 halikuupima urefu huo. Mjanja aliweza kutuma herufi chache, akadai zaidi ya elfu 60, akajaziwa yaliyokuwa jirani katika kumbukumbu: maneno ya siri, hata funguo zenyewe, bila kuacha alama.

Kasoro hiyo, Heartbleed, ilitangazwa Aprili 2014. Mamlaka ya kodi ya Kanada ilisema namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 zimeibwa.

Kufuli hilo la dunia lilitunzwa na watu wachache, wengi wao wa kujitolea. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lataka karani, na karani naye hula.