Jumapili ya Mama: Pumziko kama Haki katika Familia ya Kikatoliki



Kitabu cha Kutoka, sura ya 20, kinapotoa amri ya kuitakasa siku ya Bwana, hakiishii kwenye ibada. Kinawataja mmoja mmoja wanaopaswa kuacha kazi siku hiyo: mwenye nyumba anayesemeshwa na Mungu, mwanawe, binti yake, mtumishi wa kiume, mtumishi wa kike, mifugo, na mgeni aliyemo malangoni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inairudia orodha hiyo, inawaongeza ng'ombe na punda, kisha inatoa sababu: watumishi nao wapumzike kama bwana wao. Punda katajwa; mke hakutajwa. Wafafanuzi wa Maandiko wamelieleza jambo hili kwa kusema kwamba mke yumo ndani ya yule anayeambiwa, yaani mume na mke wanasemeshwa pamoja kama wenye nyumba. Nakubaliana nao, na juu ya ufafanuzi huo naijenga hoja yangu yote ya leo. Ikiwa mke ni miongoni mwa wanaoamriwa kupumzika, na si mmoja wa wanaowaandalia wengine pumziko lao, basi nyumba ya Kikatoliki ambamo mama peke yake anafanya kazi Jumapili tangu alfajiri mpaka usiku inaivunja Amri ya Tatu kila juma, hata kama wote waliomo wamehudhuria Misa na kukomunika.

Najua wengi walitegemea mhadhara kuhusu maisha ya familia ugusie mambo yanayozungumzwa zaidi: ndoa mseto, wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, uzazi wa mpango. Nimechagua muda wa mama kwa sababu mengi ya hayo yanaurudia. Chukueni hilo la mwisho. Tangu waraka wa Papa Paulo VI, Humanae Vitae, wa mwaka 1968, Kanisa limewaelekeza wanandoa kwenye njia za asili za kupanga uzazi. Njia hizo zinataka mke apate nafasi ya kuuchunguza mwili wake, na zinataka mume anayeuliza, anayesikiliza na anayekubali kusubiri. Mafundisho hayo, kwa hiyo, yanachukulia kwamba mume tayari anaubeba uzazi pamoja na mkewe. Pasipokuwa na mume wa namna hiyo, mzigo wote unamwangukia mwanamke, naye ndiye anayelaumiwa mimba ikitunga kabla ya wakati. Katika Tanzania yetu, ambayo utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikadiria wastani wa watoto 4.8 kwa kila mwanamke, hilo si jambo la pembeni.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia kanisa la nyumbani, na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikapanua picha hiyo hata Kanisa lote likaitwa Familia ya Mungu. Ni lugha nzuri, na huku kwetu ina mizizi, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wamezifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa msingi wa uchungaji. Lakini kanisa hilo la nyumbani linaendeshwa na nani? Mama ndiye anayemkumbusha mtoto mafundisho ya komunyo ya kwanza, anayefua na kupiga pasi nguo nyeupe, anayetafuta msimamizi wa kipaimara, anayetenga fedha ya zaka kabla haijaliwa na matumizi, anayepanga viti jumuiya inaposali nyumbani kwake na kuwapikia chai waliokuja kusali. Zamu ya usafi wa kanisa ikiifikia jumuiya, tutazameni wanaoshika mafagio. Mgeni akija parokiani, WAWATA ndio jikoni. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya utume wa wanawake walei. Sidhani kama waanzilishi wake waliuona upishi wa sherehe za parokia kuwa kiini cha utume huo. Jumapili nayo ina utaratibu wake unaojulikana. Mama husali Misa ya kwanza, mara nyingi peke yake au na mtoto mgongoni, apate kurudi mapema kuwaandaa watakaokwenda Misa ya pili na kubandika chakula cha mchana, ambacho siku hiyo hutakiwa kiwe bora kuliko cha siku nyingine. Sikukuu ya familia, kwake, ni siku ya kazi iliyoongezeka.

Kabla sijasikiliza pingamizi, nionyeshe kwamba silileti jambo geni kwa sheria ya Kanisa. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1247, unawataka waamini washiriki Misa siku ya Bwana na pia wajiepushe na kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku hiyo, na pumziko la roho na mwili. Furaha imo ndani ya sheria yenyewe. Kanuni ya 1135 inasema wanandoa wana wajibu na haki sawa katika yanayohusu maisha yao ya pamoja. Haikusema jikoni hapahusiki. Wengine watanijibu kwa Katekisimu, namba 2185, inayokiri kwamba mahitaji ya familia yanaweza kuwa udhuru halali wa kufanya kazi Jumapili. Ni kweli, lakini namba hiyohiyo inaonya kwamba udhuru usizae mazoea yenye kudhuru dini, maisha ya familia na afya, na namba 2187 inatukataza kuwadai wenzetu yale yatakayowanyima siku ya Bwana. Udhuru ulikusudiwa mtoto anayeumwa au mgonjwa wa kulishwa. Haukukusudiwa baba mwenye nguvu zake anayesubiri kuitwa mezani.

Pingamizi la kwanza, na lililo zito kuliko yote, linatoka kwa watu wa sala. Linasema kujitoa ndiko utakatifu wa mama. Anayehesabu saa zake amekwisha kupoteza thawabu. Mtazameni Bikira Maria. Haya, tumtazame. Maria wa Nazareti alikuwa mke wa Kiyahudi aliyeishika Torati, na Kutoka 35:3 inakataza kuwasha moto nyumbani siku ya Sabato. Chakula kilipikwa siku ya Maandalio. Bila shaka maandalio hayo nayo yalikuwa kazi, na sidhani kama Yosefu ndiye aliyekanda unga. Hata hivyo siku moja kati ya saba mikono ya mama huyu ilitulia, kwa amri ya Mungu, na hakuna aliyemwona mvivu. Anayemtumia Maria kuhalalisha kazi isiyo na siku ya kupumzika amemwondoa katika imani aliyolelewa nayo. Tuje kwa Louis na Zélie Martin, wanandoa wa kwanza kutangazwa watakatifu kwa pamoja, mwaka 2015. Zélie alikuwa na biashara ya kutengeneza lesi mjini Alençon, Ufaransa, akazaa watoto 9 na kuwazika 4 wangali wadogo, kisha akafa kwa saratani ya matiti mwaka 1877. Kwa mateso, hakupungukiwa. Lakini mumewe, fundi wa saa, alilifunga duka lake kila Jumapili ingawa wateja walikuwapo, na mwaka 1870 akaiacha biashara yake ili amsaidie mkewe katika yake. Sehemu hiyo haihubiriwi sana, nami naona ndiyo inayomhusu zaidi mwanamume wa Kikatoliki wa leo. Kujitoa ni fadhila pale mtu anapotoa kwa hiari kilicho chake. Mama ambaye hajawahi kupewa Jumapili hana Jumapili ya kutoa sadaka.

Pingamizi la pili ni la mila: mwanamume wa Kiafrika haingii jikoni, na wanaotaka aingie wameyasoma kwa Wazungu. Mila zenyewe zinasema zaidi ya hapo. Pwani, mzazi hukaa arobaini, akikandwa na kulishwa na wenzake. Uchaggani, mama aliyejifungua aliwekwa ndani kwa muda wa miezi mitatu hivi, akinywa mtori na maziwa, na kumchinjia mnyama lilikuwa jukumu la mumewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipompa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, ilikaribiana sana na kipimo cha wazee hao. (Baba aliwekewa siku zisizopungua 3, wazee wa Kichagga wangeona ni chache.) Tunajua, basi, kumpumzisha mama. Tatizo ni kwamba tunampumzisha kama mwili uliojeruhiwa na uzazi, na ukishapona tunaurudisha kazini moja kwa moja. Amri ya Tatu haisubiri mtu augue. Na kuhusu jiko, wanaume wanachoma nyama, wanapika kambini, wanapika hotelini kwa mshahara. Mila inayowazuia huamka nyumbani tu, tena chungu kikiwa cha ugali wa watoto.

Wapo watakaosema nazungumza kama mtu asiyejua njaa. Mama lishe wa stendi, muuza mboga, mama anayekata tiketi ya daladala kwenda sokoni Jumapili kwa sababu ndiyo siku ya wateja, huyo nitamwambia nini? Sitamwambia afunge biashara. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alidai ujira unaotosha kuitunza familia, au ruzuku kwa mama anayelea, na akataka kazi ipangwe kwa namna isiyomlazimisha mwanamke kuchagua kati ya kazi na watoto. Hatujafika huko, na lawama ya Jumapili ya mama lishe ni ya uchumi wetu kabla ya kuwa yake. Lakini umaskini hauelezi kila kitu. Mama huyo akirudi jioni akakuta vyombo havijaoshwa na watu wazima wawili wanatazama mpira, hapo hakuna sera ya ujira inayohusika.

Kwa familia zenye kipato, jibu la haraka limekuwa dada wa kazi. Hapa orodha ya kitabu cha Kutoka inatubana, kwa maana mtumishi wa kike ametajwa waziwazi. Msichana aliyetoka kijijini, asiyepata nafasi hata ya Misa kwa kuwa yeye ndiye anayebaki na mtoto ili mama akaimbe kwaya, ameibeba Jumapili ambayo mama ameitua. Sheria yetu ya kazi inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi pumziko la saa zisizopungua 24 kila wiki. Mama anayedai haki yake kwa mumewe huku akimnyima dada hana hoja mbele yangu.

Na kwa nini nishikilie pumziko, badala ya kuwahimiza akina mama wavumilie kwa imani? Kwa sababu furaha za malezi tunazozisifia zinahitaji mtu aliyekaa. Mwezi wa Oktoba rozari ya familia husaliwa usiku, saa ambayo mama anasinzia kwenye fumbo la pili. Mtoto anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza huuliza maswali yake makubwa bila ratiba, na aghalabu huwa ni wakati mama ameinama juu ya beseni. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 224, anafundisha kwamba upendo unahitaji muda na nafasi, na mengine yafuate. Mama anayekosa muda hakosi upendo. Anakosa kuuonja, na watoto wanamjua kama sauti inayotoa maagizo. Wakikua watamsifu kwa kuchoka kwake. Sina hakika kwamba hiyo ndiyo sifa aliyoitaka.

Parokia ina mamlaka ya kubadili baadhi ya haya bila kusubiri waraka wowote. Mikutano ya vyama inaweza kuondolewa kwenye muda wa baada ya Misa. Zamu za usafi na upishi zinaweza kugawiwa chama cha wanaume, UWAKA, na vijana sawasawa na WAWATA. Katekista anayefundisha wachumba anaweza kuwauliza, pamoja na maswali ya uhuru na watoto, Jumapili yao itakuwaje, na nani atabandika sufuria. Katika kitubio cha Kwaresima, mwanamume anayeungama kukosa Misa anaweza kuulizwa pia kama alimwezesha mkewe kuisali kwa utulivu. Maswali hayo yatakuwa na nguvu padre akianzia kwake. Nyumba ya mapadre ina mpishi, mara nyingi mwanamke mwenye watoto, na Jumapili ndiyo siku wageni wake wanapokuwa wengi. Siku yake ya mapumziko, kama anayo, imeandikwa kwenye mkataba au katika mazoea tu, na paroko anaweza kuitazama kesho asubuhi.