Aliyeanguka Akainuka Tena

Somo: Mithali 24:16 na Wagalatia 6:1

 

Jioni hii nataka tutafakari habari za mwimbaji mmoja wa Marekani, ambaye wengi wenu mmesikia sauti yake nzito redioni. Jina lake ni Johnny Cash, mmoja wa waimbaji mashuhuri wa nyimbo za kantri.

Alizaliwa mwaka 1932 katika jimbo la Arkansas, mtoto wa wakulima wa pamba. Kaka yake Jack alikuwa kijana mcha Mungu, naye alitaka kuwa mhubiri. Mwaka 1944 Jack alikwenda kupasua mbao ili aisaidie familia kwa senti chache. Msumeno wa mashine ukamkata vibaya, akafa baada ya siku chache. Johnny alikuwa na miaka 12. Jeraha hilo la moyo alikaa nalo maisha yake yote.

Mwaka 1955 alianza kutoa sahani za nyimbo katika mji wa Memphis. Sifa zikaja, na fedha zikaja. Pamoja nazo vikaja vidonge: vya kumkesha safarini, na vingine vya kumpatia usingizi. Alianza yeye kuvimeza vidonge, mwishowe vidonge vikammeza yeye. Mwaka 1965 alikamatwa mjini El Paso akiwa na mamia ya vidonge hivyo. Ndoa yake ikavunjika.

Lakini Mungu hakumwacha. June Carter, mwimbaji mwenzake, pamoja na wazazi wake, walikaa naye katika siku zile ngumu za kuviacha. Mwezi wa Januari 1968 aliingia katika gereza la Folsom, California, akawaimbia wafungwa, na hata wimbo uliotungwa na mmoja wao akauimba. Mwaka huo huo akamwoa June. Baadaye akaimba katika mikutano ya Billy Graham, yule mhubiri aliyekuja kuhubiri hapa Kenya mwaka 1960. Na mwaka 1973 akatoa filamu juu ya maisha ya Bwana Yesu, iliyopigwa katika nchi ya Israeli.

Wapendwa, hapa ndipo wengi wetu tungetaka habari hii iishe. Tungesema Amina, twende zetu nyumbani. Lakini haikuishia hapo. Cash alivirudia vidonge. Mtu aliyemshuhudia Kristo mbele ya maelfu, mwaka 1983 alilazwa katika kituo cha kuwatibu waliotekwa na dawa na pombe. Hata baadaye vita vyake havikuwa rahisi. Hakuyaficha mambo hayo; aliyaandika mwenyewe. Wala hakuacha kumwimbia Bwana mpaka alipofariki Septemba 2003, miezi minne baada ya mkewe.

Ndugu yangu, dada yangu, pengine nawe ulisimama kanisani siku moja ukashuhudia wokovu kwa machozi. Kisha chupa ikakurudisha. Sasa Jumapili unasikia kengele, unajifunika blanketi, kwa sababu unaona haya kuwatazama watu. Somo letu halisemi kwamba mwenye haki haanguki. Lasema huanguka mara nyingi, lakini huinuka. Usihesabu mara ulizoanguka. Inuka leo.

Na wewe uliyesimama imara, je, ulipopita mlangoni pake ulibisha hodi, au ulipeleka habari zake kwa jirani? Paulo atuagiza tumrejeze aliyeanguka kwa upole, kila mtu akijiangalia nafsi yake. Cash alipotetemeka, kulikuwa na watu waliokaa naye. Huyo wa kijijini kwenu anaye nani?

Tuombe. Ee Bwana, umwinue aliye chini usiku huu. Nasi utupe mikono ya kumshika, si vidole vya kumnyoshea. Katika jina la Yesu. Amina.