Mwalimu asubuhi, muganga usiku: tuseme wazi juu ya kazi mbili

(Maneno ya mmoja wetu mbele ya vijana, Kipushi)



Waliniomba niseme namna mtu anavyoweza kushika kazi mbili nzito kwa mara moja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tena nilisoma uganga wa kuhudumia wagonjwa. Hapa kwetu kila mwenye bluzi nyeupe anaitwa muganga, hata kama si daktari, basi na mimi nitasema muganga.

Wengi munaniuliza: "Yaya, unafanyaka namna gani?" Nitajibu, lakini musitegemee dawa ya ajabu. Asubuhi niko darasani, watoto zaidi ya 70, wanne wanne kwenye benchi moja. Saa sita na nusu ninatoka. Ninakula bukari, ninalala saa mbili au tatu kama majirani hawapigi muziki. Usiku tatu kwa wiki niko zamu kwenye kituo cha afya. Fishi za masomo ninaziandika pale pale, katikati ya mgonjwa na mgonjwa, kwenye mwanga wa simu umeme ukikatika. Na umeme unakatika, munaujua.

Saa mbaya ni saa tisa ya usiku. Hapo macho yanafunga yenyewe. Mtoto ana malaria, kilo tisa, unapaswa kupima dawa kufuata uzito wake na kuhesabu matone ya serumu. Mimi sitegemei kichwa saa ile. Ninaandika hesabu kwenye karatasi, ninaifanya mara ya pili, halafu ninamuita mwenzangu aisome kwa sauti. Akicheka, acheke. Nyinyi munaosoma ITM ao ISTM, shikeni desturi hiyo tangu stage, kwa sababu uchovu hautakuonya kabla ya kufika.

Swali la pili ndilo linaniuma: "Yaya, juu ya nini hauache kazi moya?"

Kwa sababu hakuna hata moja inayolipa kama kazi. Upande wa shule, Serikali inanilipa, lakini ule mushahara unafika katikati ya mwezi na kuishia pale. Walimu wa inchi hii hawakugoma mwanzoni mwa masomo ya 2024 na kudai dola 500 kwa kupenda kelele. Na kule Mbudi, mwaka 2004, Serikali ilikubaliana na sendika kwamba hata mfanyakazi wa chini kabisa, yule anayefungua mlango wa ofisi, apate dola 208. Zaidi ya miaka 20 imepita, mwalimu bado anahesabu falanga. Upande wa kituo cha afya, bado sijamekanizwa: sina mushahara wa Serikali, sina primu. Ninapata sehemu ndogo ya pesa ambazo wagonjwa wanalipa. Mwezi ambao watu hawana pesa ya kuja kujitibisha, na mimi sina kitu. Yaani muganga anakula kama kartiye inaugua na kulipa. Ni aibu kusema, lakini njo vile.

Likelemba ya walimu wenzangu ndiyo ililipa nyumba mwezi uliopita, si mushahara.

Wazee wetu hapa wanakumbuka mambo mengine. Mgodi huu ulianza chini ya Union Minière miaka ya 1920, halafu ukawa wa Gécamines. Kampuni ilijenga shule, hospitali, ikatoa posho. Sisemi yalikuwa mazuri yote: mtu alikuwa kama mtoto wa kampuni, hata mambo ya nyumbani mwake yaliangaliwa. Lakini 1993 mgodi ulisimama, na kila kitu kilichoegemea kampuni kikaanguka naye. Kuanzia hapo mzazi ndiye alibeba mwalimu kwa ile "motivasiyo", na mgonjwa akabeba muganga. Mwaka 2019 elimu ya msingi ikatangazwa bure, kama vile Katiba ilikwisha sema katika kifungu cha 43. Mimi nilifurahi, na bado ninaitetea. Watoto wa siti ambao walikuwa wanauza maji ya sashe wako darasani. Ila madarasa yalijaa mbele ya lipo kupanda.

Sasa kuna watu wanasema sisi wenye kazi mbili ndio tunaharibu inchi, kwamba tunakula mara mbili. Tutenganishe mambo. Ukaguzi wa IGF kwenye lipo ya walimu ulikuta shule ambazo haziko, na walimu ambao haziko nazo. Yule anapokea mara mbili bila kufanya hata kazi moja. Mimi ninafanya mbili na ninalipwa nusu nusu. Tusiwekwe kwenye gunia moja.

Lakini sitaki munipigie makofi. Mtoto wa darasa langu ana haki ya mwalimu aliyelala, na mama anayezaa saa tisa ya usiku ana haki ya muganga ambaye hakushinda na watoto 70. Mukisema "yaya ni shujaa", munawasaidia wale ambao hawataki kulipa.

Kitu cha kufanya kiko. Mgodi umerudi kuzalisha zinki tangu 2024. Kanuni ya madini ya 2018 inasema redevansi igawanywe: 50% kwa Serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa utawala wa mahali ambapo wanachimba, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamaa za karibu. Pesa hizo si za kulipa mushahara wa mwalimu, huo ni deni la Serikali kuu. Lakini zinaweza kujenga madarasa, zinaweza kuweka umeme wa jua kwenye vituo vya afya.

Kwa hiyo tumeandika barua. Tunaomba vitu vitatu tu: hesabu ya ile 15% ibandikwe mahali pa wazi, na ya 0.3% pia, hesabu ya waganga wasiomekanizwa katika zone ya santé ya Kipushi itolewe, kituo kwa kituo, na kila kituo kionyeshe wafanyakazi wake namna pesa za wagonjwa zinavyogawanywa kila mwezi. Hatutukani mtu, hatuchomi matairi. Tunataka jibu la maandishi.

Karatasi iko hapa mezani, biki ziko mbili tu, mupeane. Mimi ninatia jina sasa hivi kisha ninatoka, zamu yangu inaanza saa kumi na moja.