Kiraka Kifike Kizima: Kuchagua na Kutengeneza Programu ya Barua Pepe

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa wahitimu, walimu na wanafunzi)



 Kamati ya Maandalizi iliniomba nizungumze juu ya jambo la kazi yangu ambalo kijana wa shule hii anaweza kulifanya bila kungoja ajira wala mtaji. Nimechagua jambo dogo kwa sura: namna ya kupeleka viraka vya programu kwa barua pepe.

Wengi wenu mmebeba simu za Android. Ndani ya kila simu hiyo mna kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Maandishi yake yako wazi, na mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuyasoma na kupendekeza marekebisho. Hakuna ada, na hakuna anayeulizwa cheti. Lakini kuna sharti moja: marekebisho hupelekwa kwa wasimamizi kwa barua pepe, yakiwa maandishi matupu.

Marekebisho hayo ndiyo huitwa viraka. Kiraka ni orodha ya mistari. Mstari unaoanza na alama ya kutoa unafutwa. Unaoanza na alama ya kujumlisha unaongezwa. Unaoanza na nafasi tupu haubadiliki, upo ili kompyuta ijue mahali pa kushonea. Mwaka 1985 Larry Wall, Mmarekani, alitoa programu iitwayo patch inayosoma orodha hiyo na kuitekeleza yenyewe. Kwa hiyo barua yako ina wasomaji wawili: binadamu na mashine. Binadamu atakusamehe kosa la nukta, lakini mashine haitakusamehe hata nafasi moja.

Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Ofisini kwetu kijana mmoja aligundua kosa la kweli katika programu ya kuendeshea kifaa fulani, akalirekebisha kwa siku tatu. Barua yake ilirudishwa siku hiyo hiyo, na aliyeirudisha hakugusia kabisa ubora wa kazi yake; alisema tu kwamba kiraka kimeharibika njiani. Kijana alikaribia kukata tamaa akidhani amedharauliwa. Kumbe programu yake ya barua ndiyo iliyomwangusha.

Programu za kawaida za barua zimetengenezwa ili kupendeza macho, na katika kupendezesha huko huharibu mambo manne.

Kwanza, hukata mistari mirefu. Mstari ukifika kama herufi 78, programu huukunja. Kipande kinachoanguka chini hakina alama ya kutoa, ya kujumlisha wala nafasi mwanzoni, na mashine hukikataa kiraka.

Pili, hubadili alama ya tabo, ile itokanayo na kitufe cha tabo upande wa kushoto wa kibodi, kuwa nafasi tupu kadhaa. Kwa macho yetu ni kitu kimoja. Lakini Linux imeandikwa kwa tabo, na mistari isipolingana na ya asili, kiraka hakipati pa kushikia.

Tatu, hutuma barua kwa HTML, yaani maandishi yaliyovikwa rangi na mapambo, au kwa mtindo uitwao format=flowed, ambao huweza kuongeza nafasi mbele ya mstari unaoanza na nafasi. Kumbukeni kuwa nafasi hiyo ya mwanzo ina maana yake katika kiraka.

Nne, humshawishi mtu ambatishe faili. Msimamizi wa Linux hupenda kiraka kiwe ndani ya barua yenyewe, ili akijibu aweze kunukuu mstari husika na kuandika maoni yake chini yake.

Sasa tuchague nini? Ukurasa wa Gmail wa kuandikia barua haufai kwa kazi hii. Mwongozo wa Linux wenyewe unasema hivyo, kwa sababu hubadili tabo na kukata mistari. Hata hivyo anwani yako ya Gmail inafaa kabisa, mradi barua itumwe kwa programu nyingine.

Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni Git yenyewe, programu ambayo Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa kutunzia maandishi ya Linux. Amri ya git format-patch hutengeneza barua kutokana na kazi yako, na git send-email huituma bila kuigusa. Huwekwa mara moja tu: sendemail.smtpServer iwe smtp.gmail.com, sendemail.smtpServerPort iwe 587, sendemail.smtpEncryption iwe tls, na sendemail.smtpUser iwe anwani yako. Google haitapokea nenosiri lako la kawaida hapo. Washa kwanza uthibitisho wa hatua mbili, kisha uombe nenosiri maalumu la programu.

Kutuma ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujibu maswali. Kwa hilo Mutt ni nzuri, maana huendeshwa kwa kibodi tupu na haiongezi kitu. Anayependa madirisha na atumie Thunderbird, ila azime uandishi wa HTML, kisha katika mipangilio ya ndani aweke mailnews.send_plaintext_flowed kuwa false, na mailnews.wraplength kuwa 0. Mkijibu, msirundike jibu lote juu ya barua. Jibuni kila hoja chini ya maneno yanayohusika.

Kabla ya kumpelekea mgeni, jipelekee mwenyewe. Ipokee barua, ihifadhi ilivyo pamoja na vichwa vyake, kisha uitekeleze kwa git am juu ya nakala safi ya programu. Ikikubali, peleka. Ikikataa, umegundua dosari ukiwa nyumbani kwako. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawapa na tahadhari mbili. Barua hizi hubaki hadharani miaka mingi. Chagueni anwani ambayo hamtaionea haya mkiwa watu wazima. Tena, kila mradi una desturi zake. PostgreSQL, kwa mfano, hupokea viraka vilivyoambatishwa. Someni mwongozo wa wenyeji kabla ya kupiga hodi.

Wengine mtauliza kwa nini tuhangaike na mtindo huu wa zamani. Jibu langu ni kwamba unatufaa sisi hasa. Kiraka ni maandishi machache. Unaweza kukiandaa jioni nzima bila mtandao, ukakituma mtandao ukirudi, hata kama ni dhaifu. Msimamizi naye hakuoni mavazi yako wala hajui jina la shule yako. Anaiona kazi. Ndiyo maana inauma kazi hiyo inapotupwa kwa sababu ya nafasi tupu, na vipaji vingi vya nchi hii vinaweza kupotea kwa namna hiyo hiyo, bila mtu kujua.

Walimu wetu hapa walitufundisha barua rasmi: anwani mahali pake, kichwa cha habari, maelezo mafupi, sahihi chini. Barua ya kiraka ni ile ile. Kichwa kiseme kilichorekebishwa, maelezo yaseme kwa nini, na mstari wa Signed-off-by uwe sahihi yako kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo. Msidharau somo hilo mkidhani ni la makarani.

Naomba Ndugu Mkuu wa Shule, ikiwezekana, kompyuta za maktaba ziwekewe Git kabla ya muhula ujao. Haiuzwi. Baadhi yetu wahitimu tutakuja siku za Jumamosi kusaidia kuitengeneza.