Baraza la North Kavirondo na Dhahabu ya Kakamega



Baraza la Wenyeji la North Kavirondo lilitokana na sheria ya mwaka 1924, na kiti chake kilikaliwa na Bwana DC. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi ya wenyeji haitatwaliwa pasipo baraza kuulizwa, na pasipo kutolewa ardhi nyingine ya kadiri ile ile. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikageuzwa: baraza lisiulizwe tena, na fidia yaweza kuwa fedha tu. Na fedha, wazee wangu, hailimwi! Wilaya ikaitwa North Nyanza mwaka 1948. Mwaka 1956 ikamegwa, ikazaliwa Elgon Nyanza.