Madoa ya Vipodozi katika Sare za Kwaya



Sisi wa Kasoli, katika wilaya ya Bariadi, ni watu wa pamba. Nguo ya pamba twajua kuifua tangu utoto: huloweshwa, hupakwa sabuni, husuguliwa kwa nguvu hata doa likatoka. Lakini sare nyingi za kwaya na nguo nyingi za harusi siku hizi si za pamba. Ni za nailoni, iliyoundwa Marekani mwaka wa 1935, au za poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka wa 1941 na mabwana Whinfield na Dickson. Nyuzi hizi asili yake hasa ni mafuta yachimbwayo ardhini, nazo zina tabia yake.

Fanyeni jaribio. Toneni tone la maji juu ya kitambaa cha pamba, nalo hunywewa. Toneni jingine juu ya poliesta, nalo mara nyingi hukaa juu kama juu ya jani la mgomba. Kisha toneni mafuta ya kupikia, mtaona jinsi poliesta inavyoyapokea na kuyashika.

Sasa rangi ya mdomo ni nini? Ni nta na mafuta, mara nyingi ya nyonyo, vilivyochanganywa na rangi. Poda ya majimaji nayo aghalabu ina mafuta. Basi atanguliapo mtu kutia maji, maji hayawezi kuliondoa doa. Na akisugua, hulieneza tu.

Sare hizo hununuliwa kwa michango, wengine wakiuza kuku ili wapate sehemu yao. Mwimbaji huona doa kolani Jumamosi jioni, hulisugua kwa maji, kisha kwa haraka hupiga pasi ya makaa. Joto la pasi hulishindilia doa ndani ya nyuzi, na kulitoa baadaye ni kazi ngumu mno. Tena pasi ikizidi moto, kitambaa chenyewe huyeyuka.

Njia iliyo bora ni hii. Poda kavu ikung'uteni tu, msiiloweshe. Rangi ya mdomo ikwangueni polepole kwa mgongo wa kijiko. Tandikeni kitambaa cheupe chini ya doa, kisha tieni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, pasipo maji kwanza. Sabuni hiyo imetengenezwa ili ishike mafuta. Ngojeni robo saa, kisha gandamizeni kutoka upande wa nyuma wa nguo, mkihamisha kitambaa cha chini kila kinapochafuka. Ndipo msuuze kwa maji ya uvuguvugu. Itazameni nguo juani. Doa likisalia, rudieni, wala msishike pasi bado.

Wako watumiao petroli. Nawasihi waache, kwa maana mvuke wake hushika moto hata kwa cheche ya mbali. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe huharibu nailoni na kuifanya ya manjano. Na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, huyeyusha kitambaa cha asetati mara moja, hata pakabaki tundu. Asetati hufanana sana na hariri, nayo ni rahisi kuipata katika mitumba. Kwa hiyo dawa msiyoijua ijaribuni kwanza penye pindo la ndani.