Mtoto na Mti wa Kokoa
Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mwaya, Kyela



Mmezoea kuniona na daftari mkononi, nikiuliza habari za mizani na stakabadhi. Leo nimekuja kuzungumza juu ya watoto wetu wadogo na miti inayotulisha. Hata hivyo naomba nianzie kwenye daftari, maana huko ndiko jambo hili liliponijia.

Msimu mmoja, nikikagua vitabu vya chama kimoja, niliona kilo za mwanachama mmoja zikipungua mwaka hadi mwaka, hali majirani zake hawakupungukiwa. Wapo waliodhani anawauzia walanguzi kokoa mbichi. Sikuridhika, nikaomba twende shambani kwake. Miti ilikuwa na afya na majani mazuri, lakini mashina yalikuwa matupu toka chini hadi pale mkono wa mtoto unapofika. Matunda yote yalikuwa juu. Tulipochunguza tukaona makovu. Watoto wa nyumba ile walikuwa wakitumwa kuvuna, nao waliyanyonga matunda kwa mikono hadi yakang'oka pamoja na gamba la mti. Hawakuwa watundu. Hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba ile nundu ndogo iliyo juu ya gamba ndiyo itoayo maua msimu baada ya msimu, na kwamba ikiharibiwa, mahali pale hapatazaa tena.

Mzee yule alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Ndugu Mkaguzi, kosa si la watoto. Niliwatuma kabla ya kuwafundisha." Neno hilo ndilo ninalowaletea leo.

Hata mimi yalinipata. Nilipokuwa mdogo nilichukua punje ya kokoa kwenye mkeka wa kuanikia, nikaifukia, nikaimwagilia maji kila asubuhi. Haikuota. Wakubwa walicheka, wala hakuna aliyenieleza sababu. Nilikuwa mtu mzima nilipojifunza kwamba mbegu ya kokoa haingoji kama mpunga. Ikishavundikwa na kukaushwa hufa. Kicheko kile kilinifanya niamini kuwa miti ni siri ya wakubwa.

Basi tufundisheje? Si kwa maneno mengi, bali kwa kumwonyesha mtoto kitu chenyewe.

Kwanza, mbegu. Mpeni mtoto makopo mawili yaliyotobolewa chini na kujazwa udongo mzuri. Katika moja apande mbegu mbichi iliyotoka katika tunda lililoiva. Katika la pili apande punje kavu. Ayaweke kivulini na kuyamwagilia sawasawa. Baada ya wiki mbili tatu ataona mbegu mbichi ikinyanyuliwa juu ya udongo na kufunguka. Kopo la pili litabaki kimya. Atajua mwenyewe kwamba mbegu ni kitu chenye uhai.

Pili, jani. Ingizeni kijitawi chenye majani ndani ya chupa angavu, mzibe mdomo wake kwa kitambaa, kisha mwiache juani. Mchana mtaona matone ndani yake. Muulizeni mtoto: maji haya yametoka wapi? Mwacheni afikiri kwanza. Kisha mwelezeni kuwa mizizi huyanywa ardhini, nayo hupanda ndani ya shina hadi majanini. Huko jani, kwa nguvu ya mwanga wa jua, huunganisha maji na hewa likapika chakula cha mti. Chakula hicho hushuka kupitia gamba. Ndiyo maana mti uliochunwa gamba pande zote hufa, ingawa umesimama wima.

Tatu, maua. Mtoto ahesabu maua ya shina moja. Ataona kwamba mengi huanguka na machache tu huwa matunda. Wadudu wanaoyachavusha ni vijinzi vidogo mno, nao huzaliana katika majani na migomba inayooza. Hapo mtoto ataelewa kwa nini hatufagii shamba la kokoa kama uwanja wa nyumba. Tangu ua kuchavushwa hadi tunda kuiva hupita miezi mitano au sita. Afunge uzi penye ua lake, asubiri.

Ndugu wanachama, nisieleweke vibaya. Kumfundisha mtoto si kumtwika kazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi yenye madhara. Panga, dawa za kunyunyizia na magunia si vitu vya mtoto, wala saa za shule si saa za shamba. Mzee yule sasa huvuna mwenyewe kwa kisu kikali, na wajukuu husimama kando wakitazama mahali anapokata.

Ndugu makatibu, elimu ni msingi wa tano wa ushirika, katika ile misingi saba iliyothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995. Mara nyingi fungu la elimu tunalitumia kwa semina za viongozi. Napendekeza mkutano mkuu wa kila chama utenge sehemu ndogo kwa shule ya msingi iliyo jirani: makopo, mbegu mbichi, na mkulima mmoja mwenye subira wa kwenda kuzungumza na watoto. Gharama yake haitatikisa hesabu zenu. Nitakapokuja kukagua nitafurahi kuiona.

Mti wa kokoa uliotunzwa huanza kuzaa kati ya miaka mitatu na mitano. Mtoto wa darasa la kwanza atakayepanda mche leo atauona ukizaa kabla hajamaliza shule ya msingi. Makovu ya mashina yale hayatafutika. Lakini miche mipya ingali laini, na watoto wetu pia. Samaki mkunje angali mbichi.